Kushirikiana si kushirikishwa

Juzi nilihariri taarifa ya mradi wa kupima uchafuzi wa maji ya ziwa. Ukurasa wa kwanza ulifurika "ushirikiano wa kimataifa wa kisayansi". Mbele kidogo nikakuta kazi ya watafiti wenyeji: kuendesha boti, kujaza chupa, kubandika lebo, kupakia masanduku. Swali la utafiti lilitungwa kwingine, takwimu zikahifadhiwa kwingine, na majina yao yakatokea kwenye aya ya shukrani. Sijui ni mara ya ngapi naona hivi.

Maana yenyewe ya ushirikiano huo haina ugumu. Ni wanasayansi wa nchi mbili au zaidi kuchunguza pamoja tatizo la mazingira lisilojua mipaka, kama hewa chafu, bahari au tabianchi, wakigawana swali, kazi, takwimu na sifa. Basi.

Penye utata ni kwenye neno lenyewe, kushirikiana. Mzizi wake ni wa Kiarabu, unaobeba wazo la kuwa na fungu katika jambo. Humo tumepata shirika, ushirika, shirikisho, na hata ushirikina, maana yake ya asili ikiwa kumpa Mungu mshirika. Angalia pia irabu moja inavyotenganisha watu: mshiriki amehudhuria, mshirika ana fungu lake.

Kisha Kiswahili kikaongeza viambishi vyake. Shiriki ukiitia -ana inakuwa shirikiana, kauli ya kutendana, na kauli hiyo haikubali upande mmoja. Huwezi kupendana peke yako. Shirikishwa ni jambo jingine kabisa: yupo aliyekushirikisha, na -w- inakuonyesha kwamba wewe ndiye uliyetendwa. Kwa hiyo mradi wa ziwa ulishirikisha watafiti wenyeji. Haukushirikiana nao.

Wengine huniambia usawa huo haupo popote, kwamba mwenye fedha ndiye msemaji siku zote. Hapo huwakumbusha kituo cha Vostok, katikati ya Antaktika, mahali palipopimwa nyuzi 89.2 chini ya sifuri mwaka 1983. Wasovieti walikuwa na kituo na mitambo ya kuchimba. Wafaransa walikuwa na maabara huko Grenoble ya kusoma mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa ndani ya barafu. Wamarekani walikuwa na ndege za kuitoa barafu hiyo. Miaka hiyo Washington na Moscow walikuwa wakielekezeana makombora (nayo ni kauli ya kutendana), lakini barafu ilisafiri. Mwaka 1987 matokeo yalichapishwa: historia ya hewa ya takriban miaka 160,000, ambamo joto na kaboni dioksidi hupanda na kushuka pamoja. Kwenye makala ya 1999, iliyofikisha historia hiyo miaka 420,000, majina ya Kirusi, ya Kifaransa na ya Kimarekani yamo katika orodha moja ya waandishi. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho wenzake hawana, na kila mmoja alipata fungu.

Mara nyingi kushirikiana hakuna hata msisimko huo. Vifaa vya Dobson vya kupimia ozoni, gesi ya angani inayotukinga na miale mikali ya jua, viko nchi nyingi, na kila baada ya miaka kadhaa hukusanywa vikapangwa bega kwa bega chini ya jua lile lile, kulinganishwa na kifaa cha rejea ambacho nacho kimelinganishwa na kile cha dunia nzima, namba 83. Kinachopotoka kinarekebishwa, kiwe cha nchi tajiri au maskini. Bila kazi hiyo ya kuchosha, namba ya kituo kimoja haiwezi kuwekwa kando ya namba ya kingine.

Kwenye taarifa ile nilibadilisha kitenzi kimoja tu. Mwandishi akauliza kama alikosea sarufi. Nikamwambia sarufi ni safi, na kushirikishwa wala si tusi. Miradi mingi huanzia hapo. Awamu ya pili inakuja. Waendesha boti wakikaa mezani siku ya kutunga swali, na wakipewa nywila ya kufungulia takwimu, nitamrudishia -ana yake.