Je, Wajua Kwa Nini Pakistan Iliyafuta Majimbo Yake Yote ya Magharibi Mwaka 1955?

Ukiweka mezani ramani ya Pakistan ya mwaka 1954 na ile ya mwaka 1956, utadhani unatazama nchi mbili tofauti. Katika ya kwanza, upande wa magharibi umegawanyika vipande vipande: Punjab, Sindh, Jimbo la Mpaka wa Kaskazini-Magharibi, Baluchistan, falme za Bahawalpur na Khairpur, pamoja na muungano wa falme nne za Kibaluchi, yaani Kalat, Kharan, Makran na Las Bela. Katika ya pili, karibu mipaka hiyo yote imefutwa, na nchi yote kuanzia milima ya kaskazini hadi ufuko wa Bahari ya Arabu inabeba jina moja tu, Pakistan Magharibi. Ni jiji la Karachi pekee, lililokuwa makao makuu ya taifa, lililoachwa kando kwa miaka michache zaidi.

Watu wa maeneo hayo hawakuwa na lugha moja wala historia moja. Kulikuwa na Wapunjabi, Wasindhi, Wapashtuni na Wabaluchi, na kila kundi lilikuwa na fasihi yake, viongozi wake na kumbukumbu ya kujitawala kwa namna yake. Kwa nini basi serikali iliwatia wote katika jimbo moja? Jibu halipatikani upande wa magharibi hata kidogo. Linapatikana Dhaka, mji mkuu wa upande wa mashariki wa nchi hiyo, ulio umbali wa zaidi ya kilomita 1,600 ng'ambo ya India.

Pakistan ilipozaliwa tarehe 14 Agosti 1947, ilizaliwa na mabawa mawili yaliyotenganishwa na ardhi ya India. Bawa la magharibi lilikuwa kubwa kwa eneo, lakini bawa la mashariki, lililoitwa Bengali ya Mashariki, ndilo lililokuwa na watu wengi zaidi. Sensa ya mwaka 1951 ilihesabu watu karibu milioni 42 mashariki na karibu milioni 34 magharibi. Maana yake ni kwamba katika uchaguzi wowote wa mtu mmoja kura moja, Wabengali wangeweza kuwa na wingi bungeni, ilhali jeshi, utumishi wa umma na serikali kuu vyote vilikuwa mikononi mwa watu wa magharibi. Kwa sababu hiyo, taifa lilikaa karibu miaka tisa bila katiba yake lenyewe: kila rasimu iliyoletwa ilikwama kwenye swali la viti vingapi vitoke upande gani.

Hofu iligeuka kuwa jambo la dharura mwezi Machi 1954. Katika uchaguzi wa bunge la Bengali ya Mashariki, Muslim League, chama kilichoiasisi Pakistan, kiligaragazwa na muungano wa vyama vya upinzani kiasi cha kubaki na viti vya kuhesabika kwa vidole. Serikali ya muungano huo haikumaliza hata miezi miwili madarakani kabla ya kuondolewa na serikali kuu, na ilipofika tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo Gavana Mkuu Ghulam Muhammad akalivunja Bunge la Katiba lenyewe. Tarehe 22 Novemba 1954, Waziri Mkuu Muhammad Ali Bogra alitangaza mpango wa kuunganisha upande wote wa magharibi, uliojulikana kwa jina la Jimbo Moja.

Hesabu ya mpango huo ni nyepesi ukiitazama kwa karibu. Nchi yenye jimbo moja kubwa la mashariki na majimbo kadhaa madogo ya magharibi itawapa wa mashariki nguvu ya wingi wao. Lakini nchi yenye majimbo mawili tu inaweza kudai kwamba majimbo mawili ni sawa, kama pacha, na kila moja lipewe nusu. Ndivyo Katiba ya mwaka 1956 ilivyofanya: kila upande ulitengewa viti 150 vya kawaida katika Bunge la Taifa. Ukigawa wakazi kwa viti kwa takwimu za sensa ile, kiti kimoja cha mashariki kilisimama kwa watu wapatao 280,000, na kiti kimoja cha magharibi kwa watu wapatao 227,000. Mbengali alihitaji wenzake wengi zaidi ili apate uzito uleule bungeni.

Serikali, bila shaka, haikuutetea mpango huo kwa maneno hayo. Ilisema kwamba utapunguza gharama za kuendesha serikali nyingi ndogondogo, utaondoa ukabila na ujimbo, na utayasaidia maeneo maskini kwa fedha za maeneo yenye uwezo. Sababu ya gharama haikuwa ya uongo mtupu, kwani Baluchistan ilikuwa na watu wachache na mapato kidogo sana. Hata hivyo, naona ni vigumu kuamini kwamba nia ilikuwa kubana matumizi, ukitazama jinsi ridhaa ya majimbo yenyewe ilivyopatikana.

Sindh ndiyo mfano unaouma zaidi. Waziri Kiongozi wake, Pirzada Abdus Sattar, aliupinga muungano huo, naye akafukuzwa kazi mwezi Novemba 1954. Nafasi yake ilishikwa na Muhammad Ayub Khuhro, mwanasiasa aliyekuwa amezuiwa kushika madaraka kwa tuhuma za kuyatumia vibaya, kizuizi ambacho sasa kiliondolewa. Tarehe 11 Desemba, wiki chache tu baadaye, bunge la Sindh liliukubali mpango kwa kura 100 dhidi ya 4. Wabunge walewale waliokuwa nyuma ya Pirzada walikuwa sasa wakipiga kura ya kulifuta jimbo lao, na sioni namna ya kuiita hiyo ridhaa. Bunge jipya la Katiba lilipitisha sheria tarehe 30 Septemba 1955, na jimbo likaanza rasmi tarehe 14 Oktoba, makao makuu yake yakiwa Lahore, katikati ya Punjab.

Wapunjabi nao walitakiwa kutoa kitu. Ingawa walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa jimbo jipya, walikubali kuchukua asilimia 40 tu ya viti vya bunge lake ili wadogo wasimezwe. Lakini viti ni jambo moja na ofisi ni jambo jingine. Mwalimu wa Quetta aliyetaka uhamisho, mkulima wa Sindh mwenye kesi ya shamba iliyofika ngazi ya juu, karani wa Peshawar aliyesubiri kupandishwa cheo, wote sasa walikuwa na faili lililopaswa kupita Lahore, kwa maofisa ambao wengi hawakuijua lugha yao. Katika Sindh, mabwawa mapya ya Mto Indus, la Kotri lililokamilika mwaka 1955 na la Guddu lililofunguliwa mwaka 1962, yaliifanya ardhi kame kuwa mashamba ya umwagiliaji, na sehemu kubwa ya mashamba hayo waligawiwa maofisa wa jeshi na watumishi wa serikali kutoka nje ya Sindh. Mwenye mji alitazama maji yakifika, na pamoja na maji akafika mwenye shamba mpya.

Miongoni mwa Wapashtuni, mpango huo ulipita katikati ya nyumba moja. Dkt. Khan Sahib alikubali kuwa Waziri Kiongozi wa kwanza wa Pakistan Magharibi. Ndugu yake wa damu, Abdul Ghaffar Khan, mwanaharakati aliyejulikana kwa kupinga utawala wa Waingereza bila kutumia silaha, aliupinga mpango huo kwa nguvu zake zote na akakamatwa mwaka 1956.

Upinzani mkali zaidi ulitoka kwa Wabaluchi, ambao wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wanawafahamu kwa jina la Wabulushi, wajukuu wa askari waliokuja Mombasa na Zanzibar kuwatumikia masultani wa Oman. Bandari ya Gwadar katika pwani ya Makran ilikuwa bado mali ya Oman, na Pakistan haikuinunua hadi mwaka 1958. Mwaka huohuo mtawala wa Kalat alikamatwa kwa tuhuma za kutaka kujitenga, na siku iliyofuata, tarehe 7 Oktoba, utawala wa kijeshi ukatangazwa nchi nzima. Mzee mmoja wa kabila la Zehri, Nauroz Khan, alipanda milimani na wapiganaji wake akidai mtawala aachiwe na Jimbo Moja livunjwe. Mwaka 1959 aliteremka baada ya kupewa ahadi ambayo Wabaluchi hadi leo husema iliapwa kwa Kurani. Mwezi Julai 1960 wenzake saba, akiwemo mwanawe, walinyongwa. Yeye aliachwa hai kwa sababu ya uzee wake, akafia gerezani.

Inafaa kukumbuka kwamba hata bunge la Pakistan Magharibi lenyewe lilichoka mapema. Mwezi Septemba 1957, miaka miwili tu tangu jimbo lianze, wabunge wake walipitisha kwa wingi mkubwa azimio la kutaka livunjwe na majimbo yarudishwe, lakini Rais Iskander Mirza na Waziri Mkuu Suhrawardy wakakataa. Jenerali Ayub Khan aliyetwaa madaraka mwaka uliofuata aliling'ang'ania kwa sababu ileile ya hesabu: katiba yake ya mwaka 1962 iliwapa haki ya kumchagua rais wajumbe 80,000 wa mabaraza ya mitaa, 40,000 kutoka kila upande.

Ayub aliangushwa na maandamano mwezi Machi 1969. Mrithi wake, Jenerali Yahya Khan, alitangaza tarehe 28 Novemba kwamba Jimbo Moja litavunjwa na kwamba viti vitagawanywa kwa idadi ya watu. Tarehe 1 Julai 1970 majimbo manne yalirudi: Punjab, Sindh, Baluchistan na Jimbo la Mpaka. Karachi iliingizwa Sindh. Bahawalpur haikurudishwa bali ilitiwa ndani ya Punjab, licha ya maandamano ya wakazi wake.

Kwa mgawo mpya, mashariki ilipata viti 162 na magharibi 138. Uchaguzi mkuu wa kwanza katika historia ya nchi hiyo ulifanyika Desemba 1970, na chama cha Awami League cha Sheikh Mujibur Rahman kikanyakua viti 160 kati ya 162 vya mashariki, wingi uleule ambao Jimbo Moja liliundwa ili kuuzuia. Watawala wa magharibi hawakumkabidhi serikali. Jeshi lilipelekwa Dhaka mwezi Machi 1971, na tarehe 16 Desemba mwaka huo, lilipojisalimisha, bawa la mashariki lilikuwa limekwisha kuwa Bangladesh.