Kulala ndani ya hifadhi si kwa wageni wa dola peke yao

Kila likizo inapokaribia, ujumbe huu huzunguka tena kwenye makundi: "Mtanzania haruhusiwi kulala ndani ya hifadhi, ni hoteli za wazungu tu. Tafuta gesti mjini." Si kweli, na unawanyima watu alfajiri tamu kuliko zote.

Serengeti, pale Seronera, kuna kambi za umma. Unakuja na hema lako, unapika kwenye jiko la pamoja lenye nondo na wavu ili nyani na fisi wasifikie sufuria. Kambi hazina uzio, hivyo usiku hutoki kuzurura, na chakula hakiingii hemani. Mikumi nako kuna mabanda na hosteli za hifadhi yenyewe.

Mkanganyiko unaeleweka. Matangazo mengi ya hoteli huandikwa kwa dola. Tena kuna mahali ambapo kweli hakuna anayelala, kama chini kwenye bonde la kreta ya Ngorongoro. Hapo katazo ni la wote, na kambi ziko ukingoni juu.

Kuhakiki ni rahisi: fungua orodha rasmi ya tozo za hifadhi, utaona raia wa Afrika Mashariki wana bei yao, kwa shilingi. Kiingilio na malazi hulipiwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo jumlisha vyote viwili.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mtumie aliyekuletea orodha hiyo ya tozo.