Baipleni si ndege ya injini mbili

Kila ikitolewa picha ya zamani ya DC-3, ndege ya abiria ya East African Airways, shirika la zamani la ndege la Afrika Mashariki, hakosi mtu wa kuiita baipleni, eti kwa sababu ina injini mbili. Mara hii nimeona niandike.

Baipleni ni ndege yenye mabawa ya tabaka mbili, moja juu, moja chini. Injini hazimo katika hesabu.

"Bai" ni mbili, hilo halina ubishi. Lakini mbili za nini? "Pleni" hapa si ndege nzima, ni uso bapa, kutokana na neno la Kilatini planus. Katika karne ya 19, Waingereza waliokuwa wakichunguza namna ya kuruka waliliita bawa lenyewe "eropleni". Baadaye ndipo jina likaenea chombo kizima. Na Kiswahili chetu nacho kinateleza tunaposema "ndege ya mabawa mawili". Kunguru naye ana mawili, la kulia na la kushoto! Katika baipleni tunahesabu kwenda juu, kama ghorofa.

Nahisi chanzo cha mkanganyiko ni Dragon Rapide, ndege ya kampuni ya de Havilland ya Uingereza, maana hiyo ina vyote viwili: injini mbili na mabawa ya tabaka mbili. Iliruka mara ya kwanza Aprili 1934, mwili wa mbao, mabawa yamevikwa kitambaa. Wilson Airways ya Nairobi iliirusha kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vitani jeshi la anga la Uingereza likaiita Dominie na kuitumia kufundishia waendeshaji wa redio. East African Airways ilipoanza mwaka 1946, ilianza na hizo hizo. Kule Uingereza ziliendelea kupeleka abiria visiwa vya Scilly hadi 1964. Isogelee Rapide uone: kati ya bawa la juu na la chini kuna nguzo nyembamba na waya zilizokazwa kimshazari, na ndizo zinazowezesha mbao nyepesi kubeba mzigo ule. Hapo ndipo ubaipleni wake ulipo. Antonov An-2 ina injini moja, nayo ni baipleni. Handley Page H.P.42 ya Imperial Airways ilikuwa na nne, nayo baipleni.

Sasa irudie ile picha ya DC-3. Bawa lake limepita chini ya tumbo, tabaka moja tu, na juu yake hamna kitu. Hiyo, ndugu yangu, ni monopleni yenye injini mbili.