"Hafanyi kazi, yuko nyumbani tu"

Muulize mzee yeyote wa Kayole, mtaa wa Nairobi, mkewe hufanya nini, huenda akakujibu hivyo. Baada ya korona kauli hiyo ilizaa nyingine: eti wanawake waliopoteza ajira hawakuwa wamesoma vya kutosha.

Tazama kalenda. Shule zilifungwa Machi 2020. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba. Wengine wakangoja hadi Januari 2021. Muda wote huo, nani alibaki na watoto? Mwalimu wa shule ya kibinafsi, diploma mkononi, alikosa mshahara kwa sababu karo haikulipwa. Msusi na mhudumu wa hoteli walitegemea kazi ya kukaribiana na watu, kisha kafyu ikawafungia mlango mapema. Mama fua, anayefulia watu nguo majumbani, ndiyo usiseme: nani angemfungulia geti mtu aendaye nyumba kwa nyumba?

Utafiti wa KNBS, shirika la takwimu la Kenya, wa mwaka 2021 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha kuwa wanawake hutumia takriban mara 5 ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa. Pato la taifa haliihesabu kazi hiyo. Ugali wa kibandani umo. Ule ule ukipikwa nyumbani, haumo. (Njaa haijui tofauti.)

Elimu husaidia, sikatai. Lakini cheti hakimshiki mtoto wa miaka miwili mamake akiwa kazini Industrial Area. Anayemshika ni mlezi, naye hulipwa kila siku.