Deni la Maryland, Jamaa wa Kisauni

Kazi yangu ya uwakili hapa Mombasa imenikutanisha na vijana wa pwani waliochukua uraia wa Marekani, ambao sasa wanaomba kazi zinazohitaji kibali cha kushika siri za serikali. Kuwatetea kule ni kazi ya mawakili wa huko. Mimi huwatafutia hati za hapa na kuzithibitisha, na karibu kila mara tunaishia kwenye mambo mawili, madeni na jamaa waliobaki nyumbani.

Maombi hayo hupimwa kwa vigezo 13, kuanzia herufi A hadi M, vilivyoanza kutumika tarehe 8 Juni 2017. Kigezo B kinahusu ushawishi wa nchi za nje, na F kinahusu hali ya kifedha. Hakuna kiasi cha deni ambacho kikifikiwa mtu hukataliwa papo hapo. Kinachotazamwa ni jinsi deni lilivyoingia na jinsi mdaiwa alivyolishughulikia, kwa kuwa inahofiwa kwamba aliyebanwa na wadai anaweza kushawishika kuuza siri, na kwamba asiyetimiza ahadi zake za fedha huenda asizitii kanuni za kutunza siri. Kuhusu jamaa, huulizwa kama wanaweza kutumiwa kumshinikiza mwombaji, kama wanatumikia serikali, jeshi au ujasusi, na kama nchi yao inahusishwa na hatari ya ugaidi. Familia za pwani zisilione swali hilo la mwisho kuwa tusi, bali zijiandae kulijibu. Upande wa pili wa mizani huwekwa mizizi aliyoiotesha Marekani, yaani mke, watoto, nyumba na miaka ya kazi. Shaka ikibaki, huamuliwa kwa kulinda usalama wa taifa.

Kwetu mambo haya mawili aghalabu ni jambo moja. Mteja wangu mmoja anayeishi jimbo la Maryland, Marekani, alikuwa amejaza kadi tatu za mkopo kwa kulipia matibabu ya baba yake hapa mjini. Hoja dhidi yake zilipotolewa kwa maandishi, alikuwa na siku 20 za kujibu. Nilikwenda Kisauni kwa mama yake, naye akanitolea daftari lililofungwa kwa mpira, ambamo aliandika kwa kalamu ya bluu kila fedha iliyoingia: tarehe, kiasi na matumizi, dawa, kitanda, damu, teksi ya usiku. Risiti za hospitali alizibandika kwa gundi kwenye kurasa za nyuma, na nilipozilinganisha na jumbe za M-Pesa, hesabu ziliwiana.

Vigezo vinakubali kwamba ugonjwa, kufutwa kazi, talaka au kifo vinaweza kumtia mtu katika deni asilolitaka, mradi awe amewajibika. Daftari lilithibitisha chanzo. Uwajibikaji ulithibitishwa na makubaliano ya malipo ambayo mteja aliyaanza kabla ya kuulizwa, kwani anayeanza kulipa baada ya barua kumfikia hupewa uzito mdogo. Hata hivyo daftari lilionyesha pia jinsi alivyofungamana na nyumbani, na mteja alitaka tulifiche. Nilikataa, kwa sababu fomu ya maombi yenyewe huuliza kuhusu fedha anazopewa mtu asiye raia wa Marekani.

Fomu hiyo, SF-86, hutaka pia wazazi, wakwe, watoto na ndugu wote, wakiwemo wa mama tofauti, walio hai na waliofariki. Wapo wanaoandika ndugu wa tumbo moja tu, kwa kuwa hao wengine hawajasemezana nao tangu mirathi igawanywe. Mpelelezi akimgundua aliyeachwa, suala huhamia kigezo E, mwenendo wa mtu binafsi, na kuficha kwa makusudi ni kuzito kuliko kuwa na ndugu huyo. Ndiyo maana, kabla sijathibitisha hati yoyote, humtaka mteja apige simu nyumbani na kuniandikia majina ya watoto wote wa baba yake, nyumba kwa nyumba.