Dedilifti ipi inamfaa mchezaji wa mpira?

Kabla hujachagua aina ya dedilifti, yaani zoezi la kunyanyua chuma kirefu chenye sahani za uzito kila upande, chukua tepu ya fundi upime sahani za jimu yako. Sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma hukaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni. Zinazokatwa na mafundi wetu wa kuchomelea hapa Tabora aghalabu ni ndogo. Sahani ikiwa na kipenyo cha sentimita 30, chuma kinashuka hadi 15. Tofauti hiyo ya sentimita 7.5 inatosha kumkunja mgongo mchezaji mwenye nyonga ngumu hata kabla uzito haujabanduka chini. Chini ya sahani weka ubao wa inchi 2 na juu yake wa inchi 1, pande zote mbili sawa. Tofali la kuchoma usitumie: chuma kikishuka kwa kishindo linapasuka, upande mmoja unazama nawe umeshikilia.

Kwa mpira wa miguu tunatanguliza dedilifti ya Kiromania, ile inayoanzia juu ukiwa umesimama. Msuli wa nyuma ya paja huchanika zaidi mchezaji akiwa kwenye mbio kali, mguu ukikaribia kukanyaga, wakati msuli umevutika na papo hapo unafunga breki. Dedilifti hii inaujengea nguvu ukiwa umevutika hivyohivyo.

Simama miguu ikiwa na upana wa nyonga, legeza magoti kidogo, na yasiendelee kukunjika. Sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango mikono ikiwa imejaa mizigo. Shuka kwa hesabu ya tatu, chuma kikiteleza juu ya mapaja. Nyonga zikikataa kurudi nyuma zaidi, hapo ndipo mwisho wako, hata kama ni chini kidogo tu ya goti. Kinachoshuka baada ya hapo ni mgongo. Ukitaka kujikagua, paka chaki katikati ya chuma. Suruali ikibaki na mstari juu ya goti tu na chini yake hakuna kitu, ujue chuma kimekukimbia mbele, na kiuno ndicho kilichobeba.

Anza na chuma kitupu cha kilo 20, seti 3 za mara 8. Ongeza kilo 2.5 hadi 5 kwa wiki, na kila seti iishe ukiwa bado na uwezo wa kunyanyua mara mbili zaidi.

Ya pili ni ya chuma cha pembe sita, ambacho unasimama ndani yake na kushika vishikio vya pembeni. Mzigo unakaa usawa wa mwili, kifua hakilali sana mbele, na mapaja ya mbele yanafanya kazi zaidi, jambo linalofaa kwa kuruka na kuondoka kwa kasi. Huna chuma hicho? Madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji, moja kila upande, ni kilo 40 na ushee. Yajaze hadi juu, kwani maji yanayocheza ndani yanakuyumbisha. Kagua vishikio kwanza, maana dumu lililokaa juani mwaka mzima hukatika bila taarifa.

Dedilifti ya kawaida si mbaya, ila mchezaji mwenye miguu mirefu hupoteza miezi akiitafuta mbinu yake wakati mechi zinaendelea. Ya sumo, miguu ikiwa imetanuliwa, iache kabisa kama kinena kinauma.

Ya mguu mmoja wengi huidharau kwa sababu uzito wake ni mdogo. Shika dumu la lita 5 kwa mkono ulio kinyume na mguu uliosimama. Nyonga ya mguu ulio hewani ikifunguka kuelekea juu, punguza maji.

Ukicheza Jumamosi pale uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, fanya zoezi zito Jumanne. Maumivu ya misuli huweza kukolea siku ya pili yake, na ya Kiromania ndiyo inayoumiza zaidi wanaoianza. Alhamisi baki na ya mguu mmoja, seti 2 za mara 5. Ganzi au maumivu yakishuka kutoka kiunoni hadi mguuni, acha hapohapo uende kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Usijaribu na uzito mdogo kuona kama yatapungua.