Mita 50 kwa sekunde 6

Kwenye barabara inayotoka Kondele kuingia Manyatta, hapa Kisumu, kuna mama anayekaanga samaki hatua chache kutoka kwenye lami. Kila tukifika hapo na utepe wetu wa kupimia hutuuliza swali lile lile: "Injinia, leo mmeleta tuta au mmeleta karatasi tena?" Mara nyingi huwa tumeleta karatasi. Yeye hucheka, akaendelea kugeuza mbuta kwenye mafuta, mgongo ameupa barabara. Siku moja nilimwuliza kama haogopi kuketi hivyo bila kuona kinachokuja nyuma yake.

"Sihitaji kuona, mwanangu. Nasikia." Akanieleza kwamba matatu inayoshuka kutoka barabara kuu ina mlio wake, na inayotoka ndani ya Manyatta ina mlio wake. "Ile ya kutoka juu, dereva ameshaingia mtaani lakini mguu wake bado uko kule juu."

Nimesoma mengi kuhusu jambo hilo na sijakuta mtu aliyelieleza vizuri kumshinda. Dereva aliyeteremka na barabara kuu kutoka Kiboswa akiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, akifika Kondele akapunguza hadi 50, huhisi kama anatambaa. Macho na masikio yameshazoea mwendo, kwa hiyo anaamini amepunguza sana. Wala si mkaidi kila mara. Kinachomdanganya ni mwili wake mwenyewe, na barabara pana iliyonyooka inausaidia kumdanganya.

Sheria ya Kenya inataka kasi isizidi kilomita 50 kwa saa mjini na kwenye vituo vya biashara. Wengi wetu tunaisikia 50 kama mwendo wa pole. Hebu tuitazame kwa karibu.

Chukua magari mawili yanayofanana, lami kavu, breki nzima. La kwanza linakwenda 30, la pili 50. Mtoto anachomoka mita 15 mbele yao akifuata mpira. Madereva wote wawili wanashtuka papo hapo, na kila mmoja anahitaji kama sekunde 1 kabla mguu haujafika kwenye breki. Katika sekunde hiyo gari la kwanza linasogea mita 8, kisha breki zinashika na linasimama baada ya mita 5 hivi. Jumla ni 13. Mtoto anaokota mpira wake na kutukanwa kidogo. Gari la pili, katika sekunde hiyo hiyo, limeshamaliza karibu mita 14, na breki ndiyo kwanza zinaanza kushika. Linamfikia mtoto likiwa karibu na kasi ile ile lililokuja nayo.

Dereva wa pili hakuvunja sheria yoyote. Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na barabara za makazi tunasema 50 ni nyingi pale ambapo watoto, wachuuzi na tuktuk wanagawana lami moja, na ndiyo maana mawaziri na wajumbe waliokutana Stockholm Februari 2020 walipendekeza 30 kwa sehemu za namna hiyo. Kutoka 50 kupanda juu mambo huharibika haraka mno. Shirika la Afya Duniani linasema mtembea kwa miguu anayegongwa na gari lililo kwenye 65 ana uwezekano wa kufa mara 4 na nusu kuliko anayegongwa na lililo kwenye 50. Kwenye dashibodi hiyo ni sindano iliyosogea kidogo tu.

Basi mtaani kwenu magari yanakwenda kwa kasi gani? Ukiuliza kwenye baraza, kila mtu atasema "wanakimbia sana", na ofisini neno "sana" halina uzito. Lakini kupima ni rahisi, wala huhitaji kifaa cha polisi. Tafuteni alama mbili zinazoonekana vizuri kando ya barabara, kwa mfano nguzo ya stima na lango la duka, zilizoachana mita 50. Pimeni kwa utepe au kwa kamba mliyokwisha kuipima. Mtu akae pembeni, mbali na lami, mahali anapoziona zote mbili, na simu mkononi. Gari likifika alama ya kwanza, anzisha saa. Likifika ya pili, simamisha. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 3.6 ni 50. Chochote kilicho chini ya 3.6 kimevunja sheria.

Andikeni kila gari linalopita likiwa na njia wazi, si yale yaliyowaudhi peke yake. Pimeni asubuhi watoto wanapokwenda shule, na jioni giza linapoingia. Wakati wa msongamano msijisumbue, hamtapata kitu. Na msibishane na dereva, msisimame barabarani kumzuia, wala msichukue picha za namba za magari kwenda kuwatangaza watu. Mnapima barabara, hamumpimi fulani.

Sisi wenyewe tulikosea siku ya kwanza. Tulivaa zile jaketi zetu zinazong'aa, na kwa saa nzima kila dereva alipita kama anayepeleka mayai kwa mkwewe. Kumbe bodaboda walikuwa wameambiana tangu stejini. Tukazivua, tukaenda kuketi kwenye benchi la mama wa samaki, ndipo ukweli ukaanza kupita. Matatu moja ilimaliza mita 50 zetu kwa sekunde 2.5. Fanyeni hesabu: ni kilomita 72 kwa saa, na ilipita kando ya watoto wawili wenye sare waliokuwa wakigawana mhogo.

Watu wakisikia hesabu hiyo husema dereva akamatwe. Akamatwe, sawa. Lakini kesho askari atakuwa amehamia kwingine, na lami itabaki pale pale ikisema "pita". Barabara hizi zilipokuwa za murram, mashimo na madimbwi yalifanya kazi ya polisi usiku na mchana bila mshahara. Tukaomba lami, na tulikuwa na haki ya kuiomba. Vumbi nalo huua. Ila mara nyingi lami huletwa peke yake, pana na nyororo, bila njia ya miguu wala kivuko kilichoinuliwa. Mashimo yakiondoka, lazima kitu kingine kishike nafasi yake, na katika mitaa yetu kitu hicho kwa kawaida ni tuta.

Hapo naomba mnivumilie, maana tuta ni jambo linaloharibiwa kuliko mengi. Mtoto akigongwa, vijana hukasirika, na usiku huo huo hujenga tuta lao kwa mawe na udongo, au kwa saruji iliyochangwa. Nawaelewa kabisa. Lakini tuta jembamba na refu kwenda juu lina tabia ya ajabu: humwumiza zaidi anayepita polepole. Mgonjwa ndani ya tuktuk hurushwa, mama mjamzito kwenye bodaboda hutikiswa, huku gari kubwa lenye springi nzuri likipita kwa kasi na kuruka bila kuhisi mengi. Tuta zuri ni pana. Lile linalotumika sana duniani lina urefu wa mita 3.7 kufuata mwelekeo wa gari, na kimo cha sentimita 10 hivi, limepinda taratibu kama mgongo wa kobe. Ukilipita kwa 25 au 30 hulioni kama adhabu. Ukilipita kwa 60 utajua. Na tuta moja peke yake halitoshi, kwa sababu dereva akishalivuka hukanyaga mafuta kufidia muda. Yanatakiwa yafuatane, yasiachane sana, ili asipate nafasi ya kuchochea mwendo.

Kisha kuna ule mwanya. Mafundi huacha nafasi pembeni ya tuta ili maji ya mvua yapite, na Kisumu inavyonyesha, bila mwanya huo barabara ingekuwa bwawa. Nenda ukauchunguze mwanya wowote jioni. Utaona mstari mweusi uliosuguliwa na matairi, kwa sababu bodaboda wote hupita hapo, na hapo ndipo watu wa miguu wanapotembea. Tuta limepunguza magari, likawasukuma pikipiki kwenye miguu ya watu. Dawa yake ni nguzo fupi mbili za zege pembeni, zinazoruhusu maji na miguu lakini zikazuia usukani wa pikipiki. Ni kitu kidogo, na bado ni matuta machache sana yaliyowekewa nguzo hizo.

Tuta lisilopakwa rangi wala kuwekewa ishara mbele yake si kinga pia. Usiku, mwendesha pikipiki asiyelijua hulikuta akiwa hewani. Kwa hiyo, kabla hamjachanga saruji yenu, angalieni hilo.

Nimetaja kinga. Kila nikienda mazishi ya mtu aliyegongwa, hakosekani mzee wa kusema, "Ajali haina kinga," nasi sote tunaitikia kwa kichwa. Neno lenyewe limetoka Kiarabu, ajal, muda uliopangwa, siku ya mtu kufika mwisho wake. Sibishani na imani ya mtu. Siku ya kufa anaijua Mungu. Lakini upana wa barabara ile ulichorwa na mhandisi kama mimi, mahali pa steji palichaguliwa na kamati, na taa iliyozimika miezi kadhaa ina ofisi inayohusika nayo. Hayo hayakuandikwa mbinguni.

Tunakumbuka sana vifo vinavyokuja kwa pamoja. Agosti 2025 basi lililobeba watu waliotoka mazishini lilianguka kwenye mzunguko wa Coptic pale Mamboleo, na zaidi ya watu 20 wakafa. Mji mzima ulilia. Lakini vifo vingi vya barabarani haviji hivyo. Mwaka 2024 Kenya ilipoteza zaidi ya watu 4,700 barabarani, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Hao hufa mmoja mmoja, mara nyingi karibu na kwao, na hakuna kamera inayokwenda. Ni mtu aliyekuwa akivuka kununua mkate.

Kuhusu bodaboda nitasema machache, maana yamesemwa mengi na kwa ukali usiostahili. Helmeti iliyofungwa kidevuni hupunguza sana uwezekano wa kufa kichwa kikigonga chini. Ile inayoning'inia kwenye usukani haimlindi mtu. Abiria wengi wanakataa helmeti inayovaliwa na kila abiria kwa sababu ya jasho la waliotangulia, na sababu hiyo si ya kudharauliwa. Kitambaa chepesi cha kujifunga kichwani kabla ya kuivaa kinatatua jambo hilo kwa bei ya maandazi machache. Abiria wawili nyuma ni kosa kisheria, na breki za pikipiki hazijui kwamba wa pili ni mtoto.

Tukirudi kwenye zile sekunde zenu: mkishazipata, zipelekeni wapi? Hapa ndipo barua nyingi hupotea. Barabara kuu za kitaifa, kama ile inayopita Kondele kwenda Kakamega, ziko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa, KeNHA. Baadhi ya barabara za mjini ni za Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA. Vichochoro na barabara nyingi za ndani ya mtaa ni za serikali ya kaunti. Ukimwandikia asiyehusika, barua haitakataliwa, italala tu. Anzeni kwa kuuliza ofisi ya msimamizi wa wadi barabara hiyo ni ya nani, na muulize kabla ya kuandika hata neno moja.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Semeni ni kipande gani, kutoka wapi hadi wapi. Wekeni jedwali la sekunde, saa na tarehe mlizopima. Choreni kwa mkono ramani ndogo inayoonyesha shule, soko, steji na mahali watu wanapovuka kikweli, si mahali kibao kinapowaambia wavuke. Kama kuna watu wameumia hapo, tajeni mwezi na mahali bila majina yao. Kisha ombeni kitu kimoja au viwili mnavyovijua: matuta mapana yanayofuatana, nguzo kwenye mianya, taa, au steji isogezwe iwe baada ya kivuko, ukifuata mwendo wa gari, ili matatu iliyosimama isimfiche anayevuka. Barua inayoomba mambo kumi hupewa ahadi kumi.

Nendeni na nakala mbili. Moja iachwe, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe isomeke. Hiyo ya pili ndiyo mali yenu. Baada ya mwezi mnarudi nayo na kuuliza imefika kwa nani.

Ya barabara yetu ile ya Manyatta ina muhuri tayari. Tulimwachia nakala mama wa samaki, kwa sababu yeye hahamishwi kama sisi. Anaiweka mezani na kuilaza chini ya kopo la chumvi, maana matatu za kutoka juu zikipita, upepo wake hubeba karatasi zote.